Uzoefu wangu na QEMU Guest Agent kwenye Proxmox: sakinisha ndani kwanza

QEMU Guest Agent (wakala) ni programu ndogo ya bure inayokaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva, na kuipasha Proxmox, mfumo unaoendesha mashine hizo, habari za humo. Nimeitumia kwenye Debian na Rocky (aina za Linux) na Windows, na siachi mashine bila hiyo. Wengi wanaosema haifanyi kazi wamekosea mpangilio tu.

Kosa lenyewe ni hili: mtu anaiwasha kwenye Options za mashine huko Proxmox, halafu hasakinishi chochote ndani. Proxmox inaamini wakala yupo. Ukibonyeza Shutdown, amri inapelekwa kwa wakala badala ya ACPI (njia ya kawaida, kama kubonyeza kitufe cha kuzima), hakuna anayeitikia, muda unakwisha na mashine bado inaunguruma. Kwa hiyo anzia ndani: `apt install qemu-guest-agent` kwa Debian na Ubuntu, `dnf` kwa Rocky. Kisha kwenye seva mama (ile yenye Proxmox) andika `qm set 101 --agent enabled=1`, ukiweka namba ya mashine yako. Baada ya hapo izime mashine pepe kabisa, uiwashe kutoka Proxmox. Kuandika `reboot` humo ndani hakutoshi, maana virtio-serial, bandari pepe ambayo Proxmox na wakala huwasiliana kwayo, huongezwa pale QEMU, programu inayoiendesha mashine pepe, inapoanza upya.

Jaribu kwa `qm agent 101 ping`. Ikirudi kimya, mambo safi. Kwenye Debian, `systemctl enable` (amri ya kuweka huduma ijiwashe) ikilalamika, ipuuze. Huduma huamshwa yenyewe bandari ile ikionekana.

Windows inahitaji ISO (faili la diski) ya virtio-win, yenye draiva za mashine pepe. Endesha `virtio-win-guest-tools.exe`, inaweka draiva na wakala kwa pamoja. Ukisakinisha faili la msi la wakala peke yake, huduma haitawaka kwa kukosa vioserial, draiva ya bandari ile, na Device Manager itakuonyesha PCI Simple Communications Controller yenye alama ya njano.

Faida kubwa kwangu iko kwenye nakala rudufu, si kuona anwani za IP kwenye Summary (ingawa hilo nalo ni tamu). Kabla ya nakala, wakala hulazimisha data iliyo kwenye kumbukumbu iandikwe diskini na kugandisha mfumo wa faili kwa muda mfupi. Hiyo peke yake haitoshi kwa hifadhidata ya Linux yenye shughuli nyingi; iandikie skripti ya fsfreeze-hook, ambayo wakala huiendesha kabla na baada ya kugandisha. Kwa SQL Server (hifadhidata ya Microsoft) yenye ratiba yake ya nakala, ugandishaji kupitia VSS, huduma ya Windows ya kunakili, unaweza kuvuruga mnyororo wa nakala za differential (zinazohifadhi mabadiliko tu). Hapo, kwenye Proxmox 8, mimi huzima ugandishaji kwa `--agent enabled=1,freeze-fs-on-backup=0`.

SSH (kuingia kwenye mashine kwa mtandao) ikikataa, `qm guest passwd 101 root` hubadilisha nywila bila kupitia mtandao. `qm guest exec` nayo huendesha amri yoyote kama root, ila familia ya Red Hat, Rocky ikiwemo, huifunga. Ifungulie kwenye `/etc/sysconfig/qemu-ga` ikiwa tu unawaamini wote wenye funguo za seva mama.