Dawa ya viroboto na kupe kwa paka: boksi kwanza, bei baadaye

Saa tano usiku paka wangu Kashata alianza kutikisa sikio la kushoto. Nikadhani kiroboto kakimbilia huko, nikafurahi hata, nikasema dawa inafanya kazi. Kufika saa sita uso mzima unamcheza, miguu ya nyuma inamkataa, nikimshika anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Mchana wake nilikuwa nimemdondoshea shingoni dawa niliyonunua elfu tano kwenye duka moja la dawa za mifugo hapa Dar, sitalitaja. Kichupa kimoja cha plastiki, kimeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Nilimuuliza muuzaji, "Hii ni ya paka?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Ya mbwa na ya paka ni ileile dada, huyo mdogo mpe nusu."

Kashata yuko hai, nalisema mapema usome kwa utulivu. Daktari wa mifugo alimdunga dawa ya kutuliza mitetemo, akaagiza aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akakaa kwake kizimbani siku tatu. Bili ile ingeninunulia dawa nzuri ya miezi mingi. Tangu hapo mtu akiniuliza dawa gani nzuri ya viroboto, na mimi namuuliza: boksi lake umeliona?

Wengi wanaulizia inakaa muda gani, inanuka, paka atachukia. Hayo ni madogo. Kubwa ni kile kiambato kinachoua wadudu, na jina lake limeandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo ambazo muuzaji wa kichupa kimojakimoja ameshazitupa.

Neno la kukimbia ni permethrini. Wengi tunaishi nalo bila kulijua. Olyset, vile vyandarua vilivyotengenezwa Arusha, uzi wake una asilimia 2 ya permethrini. Ni ndugu wa kiwandani wa pareto, ua letu la Iringa na Nakuru. Mbwa anaivumilia, binadamu pia, kwa sababu ini linaivunja. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya cha kazi hiyo, kwa hiyo sumu inabaki mwilini na kuvuruga mishipa ya fahamu: masikio na uso kucheza, kutetemeka, degedege, joto kupanda. Inaweza kuanza baada ya saa chache, inaweza kungoja hadi keshokutwa. Na kile kichupa cha mbwa hakina asilimia 2 kama chandarua. Vingi vina 40 na kitu, vingine vinapita 60. Sasa nusu ya hiyo ni nusu ya nini?

Usidhani jina kubwa linakuokoa. Advantage ipo ya paka na haina permethrini. Advantix, herufi mbili tatu tofauti, ni ya mbwa na imejaa permethrini. Hata Frontline, ninayoipenda mimi, ina ndugu yake anaitwa Frontline Tri-Act, wa mbwa tu, naye anayo. Ukikumbuka jina la mbele peke yake, ukamwambia bodaboda akuletee, umecheza bahati nasibu na paka wako. Ukiwa na mbwa pia nyumbani, na amepakwa dawa ya aina hiyo, usiwalaze pamoja na usimruhusu paka amlambe.

Sasa mpangilio wangu, na sijifanyi sina upande.

Namba moja ni Frontline Plus ya paka. Nimeshikamana nayo kama watu wa mtaa wangu walivyoshikamana na Simba, ukinibishia tutakesha. Ina fipronili ya kuua viroboto na kupe, na S-methoprini inayozuia mayai na viluwiluwi vya kiroboto visikue. Kichupa ni kipimo kimoja, nusu mililita, kwa hiyo hakuna mtu wa kukukadiria kwa macho. Inatumika kwa paka aliyefikisha wiki nane. Unatenganisha manyoya chini ya kisogo, mahali ulimi haufiki, unaiminya kwenye ngozi. Juu ya manyoya umeipoteza. Dawa inasambaa kwa mafuta ya ngozi na kujihifadhi kwenye tezi zake, ndiyo maana usimwogeshe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Akifanikiwa kuilamba atatoa mate mengi kama povu, utaogopa, kwa kawaida hupita baada ya muda mfupi. Vitoto vidogo kabisa vina Frontline Spray, inayoruhusiwa tangu siku ya pili ya kuzaliwa, lakini kipimo chake mwachie daktari. Na tafadhali, mwenye sungura: fipronili inaua sungura. Isimkaribie.

Wanaolalamika kwamba "Frontline haifanyi kazi siku hizi", nawauliza walifagia wapi. Viroboto unaowaona kwa paka ni kama asilimia 5 tu ya walioko nyumbani. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na vile vifuko vinavyoweza kulala miezi chini ya mkeka na kwenye mikunjo ya kochi. Fua kitambaa anacholalia, anika mkeka juani, rudia dawa kila mwezi kwa miezi kadhaa. Mwezi mmoja hautoshi, hata uwe umenunua dawa ya mfalme.

Namba mbili ni Bravecto ya paka, ile ya kudondoshea. Inakaa karibu miezi mitatu, inamaliza viroboto na kupe, inawafaa wasahaulifu. Inauzwa kwa uzito, hivyo pima paka wako: panda mzani naye, halafu panda peke yako, toa. Kiambato chake, fluralaneri, ni cha kundi ambalo mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya wanyama hupata mitetemo na degedege. Paka aliyewahi kuanguka kifafa, muulize daktari kwanza. Kashata sijampa. Nimeshaona degedege moja, inanitosha.

Namba tatu, Revolution Plus. Nzuri sana, inachukua hadi baadhi ya minyoo na utitiri wa masikio. Ile Revolution ya kawaida haikuandikiwa kupe wa paka, kwa hiyo lile neno Plus lina kazi yake.

Seresto, mkanda wa shingoni wa miezi minane, naiweka ya nne. Ina flumethrini, jamaa wa permethrini, ila kwa kiasi kidogo kinachotoka polepole na paka ameruhusiwa. Tatizo langu ni mikanda bandia inayoning'inia kila soko. Advantage ni ya viroboto tu, kwa paka wa ghorofani asiyeona nyasi inatosha.

Za bei rahisi: poda za kuku, dawa za kuogeshea ng'ombe zenye amitrazi, mafuta ya taa. Hapana. Paka hujilamba, anachopakwa anakula.

Sasa niseme la moyoni. Sukari ya duka la jirani ina Kiswahili kwenye mfuko, sabuni ya mche ina Kiswahili, lakini dawa inayoweza kuua mnyama wangu ndani ya usiku mmoja imeandikwa Kiingereza, Kifaransa, na lugha nyingine ambayo hata sijaitambua. Halafu boksi linachanwa, vichupa vinamwagwa kwenye bakuli dirishani, jua la saa nane linavipiga, tarehe ya mwisho imebaki jalalani. Ukiuliza boksi unaambiwa una maswali mengi. Duka moja wameshanibatiza "mama maboksi". Na bei! Duka hili na lile wametengana hatua ishirini, kichupa kilekile, tofauti ya elfu kumi, na aliyepandisha anakuangalia kama wewe ndiye mwizi.

Wanafungua boksi kwa sababu wateja hatuna hela ya boksi zima, hilo nalielewa. Mimi nimepata njia: majirani wawili wenye paka tunachanga, tunanunua boksi la Frontline Plus la vichupa vitatu likiwa limefungwa, kila paka kichupa chake kizima. Kabla ya kugawana tunapiga picha pande zote za boksi, tarehe ionekane, tunatumiana WhatsApp. Boksi lenyewe linabaki kwangu, juu ya friji. Kashata hulisukuma chini kila asubuhi.