Hoteli za nyota tano Muscat: nimezipanga, chagua kwa akili usichague kwa picha

Msimu wa Muscat ukikaribia watu wanaanza kuulizana hoteli gani ya kifahari inastahili hela yake. Kabla sijazipanga tuongelee ramani kwanza maana hapo ndipo watu wanapoumia. Muscat, mji mkuu wa Oman, haina katikati kama mji mwingine, ni mji mrefu mwembamba uliobanwa kati ya bahari na milima ya mawe makavu isiyo hata na kichaka, airport iko magharibi huko Seeb, Mutrah na mji wa zamani uko mashariki, na kutoka ncha moja hadi nyingine ni barabara ya Sultan Qaboos na foleni zake. Ukibuki hoteli nzuri upande usiokuhusu hela yote itaishia kwenye teksi.

Halafu majira. Novemba mpaka Machi ndiyo hali ya hewa ya binadamu. Kiangazi bei zinashuka sana na watu wanazikimbilia, sawa, ila ujue Juni 2018 pale Qurayyat, kusini kidogo tu ya Muscat kwenye pwani hiyo hiyo, zilipita saa 24 joto halijashuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Yaani ukienda muda huo umelipia AC na bufee, ufukwe utauangalia dirishani.

Haya.

Namba moja kwangu ni Al Bustan Palace, siku hizi iko chini ya Ritz-Carlton. Hii ilijengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba mwaka 1985, na kijiji cha wavuvi kilichokuwepo pale kikahamishwa pembeni, kwa hiyo usitegemee kitu kidogo. Ukiingia lobi shingo inapinda yenyewe, dari iko mita 38 juu, ubani unafuka, kuna kahawa na tende kabla hujatoa hata pasipoti. Nyuma mlima, mbele bahari, na ufukwe wake mrefu wa kutembea mpaka uchoke. Kinachonifanya niiweke juu lakini si dari, ni kwamba soko la Mutrah liko karibu, unatoka jioni kununua halua na ubani unarudi bila kumaliza siku barabarani. Ubaya wake airport iko mbali na ukitoka getini hakuna kibanda wala mgahawa wa kwenda kwa miguu, hivyo chukua chumba chenye chakula cha asubuhi ndani ya bei.

Namba mbili The Chedi, Ghubra. Hii ni ya wawili, fungate au anivesari. Majengo meupe ya chini chini, mifereji ya maji, mitende, na lile bwawa lao refu la mita 103 ambalo watoto hawaruhusiwi, kwa hiyo kama una wadogo watatu msijisumbue mtakaa mnawanyamazisha tu. Iko kati ya zile ncha mbili za mji, airport si mbali, na chakula chake mimi naona ndicho bora kwenye orodha hii.

Tatu, Shangri-La ya Barr Al Jissah. Kwa familia hii ndiyo namba moja bila ubishi, nimeishusha kwa sababu ya umbali tu, iko mwisho kabisa mashariki unapita milima iliyokatwa. Lakini watoto watakuwa na mto wa kuelea na boya, mabwawa, na kasa wanaopanda ufukweni kutaga mayai. Al Husn ni sehemu yao ya juu ya mwamba, tulivu zaidi, ghali zaidi.

Nne Kempinski, Al Mouj. Hapa sikiliza wewe unayekwenda kuona ndugu. Wengi wetu wenye ndugu Oman, mashangazi na mabinamu wako Seeb, Al Khoud, Mabela, na Al Mouj iko upande huo huo, tena karibu na airport. Unalala hotelini, mchana unakula biriani kwa shangazi, hakuna wa kukulaumu kwamba umekaa mbali. Jengo jipya, marina ipo, migahawa ya nje ya hoteli ya kutembea kwa miguu ipo. Haina ule uzito wa Al Bustan ila kwa safari hiyo mimi ningeichukua hii hii.

Hoteli ya W iko Shatti Al Qurum jirani na Royal Opera House. Muziki, mataa, vijana. Kama ndiyo mambo yako sawa.

Sasa bili, hapa soma taratibu. Riali moja ya Oman ni kama dola 2.6, kwa hiyo ukiona 120 usishangilie, hiyo ni dola 312 kwa usiku. Na bei ikiwa na alama mbili za kujumlisha (++) mbele yake maana yake bado, inakuja huduma, inakuja manispaa, inakuja VAT ya asilimia 5, ukija kujumlisha si ile uliyoiona. Linganisha bei ya mwisho kabisa ndiyo ulipie. Ramadhani kwa miaka hii inaangukia kwenye miezi ya baridi na mara nyingi vyumba vinapungua bei, mchana migahawa mingi imefungwa lakini futari za hoteli kubwa huko acha tu.

Jingine dogo, usiongee siri kwenye lifti ukidhani hueleweki, Waomani wenye asili ya Zanzibar wamejaa mji ule na mzee wa kanzu na kofia aliyesimama pembeni yako anaweza kukujibu kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Zanzibar.

Na kadi. Ukifika mapokezi wanashikilia hela ya dipoziti kwenye kadi, kama kadi yako ni ya debit hela hiyo inatoka kweli kwenye salio na kurudi inaweza kuchukua siku nyingi hata baada ya wewe kufika nyumbani. Piga simu uulize kiasi kabla ya safari, weka ziada kwenye akaunti, au uliza kama wanapokea keshi.