Usiku wa rock Kampala: walimzimia sauti dada wa adungu

Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe kabla sijaandika. Kama unafikiria kutoa elfu hamsini zako kwa ule usiku wa rock unaofanyika Kampala, ule ambao bendi nzima imejitolea kupiga nyimbo za Rolling Stones, bendi kongwe ya rock ya Uingereza, soma hapa kwanza. Bendi yenyewe ni vijana wa Nairobi na wanajua kazi. Nalisema hilo mapema kwa sababu sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na waandaaji na fundi wao wa sauti, kwa walichomfanyia msanii wa kufungua jukwaa mbele ya macho yetu.

Alikuwa dada kutoka West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, upande wa Nebbi, na alikuja na adungu. Wengi wa Kampala adungu wanaijua kwenye maonyesho ya watalii, watu wamevaa sare na kutabasamu. Huyu hakuja kutabasamu. Adungu ni kinubi: mti umechongwa ukawa na uvungu, ukafunikwa ngozi ya ng'ombe, na upinde unaochomoza juu ndio unaovuta nyuzi. Yeye alishika ya ukubwa wa kati, kijana mmoja akakaa nyuma ya ile kubwa ya besi, na mwingine akakaa kwenye drams. Kwenye ngozi ya adungu yake alibandika kinasa sauti kidogo, waya ukapita kwenye kile kidude cha mguuni ambacho wapiga gitaa hutumia kukwaruza sauti, kisha ukaingia kwenye amplifaya.

Wimbo wa kwanza watu waliendelea na bia zao na mazungumzo yao. Kwenye wa pili akakikanyaga kile kidude. Jamani! Nyuzi zile zikanguruma. Ilikuwa adungu ileile ya harusi na misiba ya Walur, lakini imevimba, imekasirika, na ile besi ya nyuma ikawa inagonga kifuani. Waliokuwa kaunta wakageuka. Vijana wakaacha viti wakasogea mbele. Dada yangu, ambaye muziki wa magitaa ya kelele huwa anaukimbia, alinishika mkono akaniuliza huyu anaitwa nani, na nikakosa jibu kwa sababu bangoni jina lake halikuwepo.

Wimbo wa tatu ukaanza. Alikuwa anaimba kwa Kialur, Kialur sikijui, na sikuhitaji kukijua. Watu walikuwa wameshaanza kumwitikia.

Sauti ikakatika.

Umeme ulikuwepo. Taa za jukwaani ziliwaka zote na friji za kaunta zilikuwa zinanguruma. Kilichokatika ni yeye. Vidole vinakwenda, mdomo unakwenda, na tulichosikia ni drams peke yake, halafu hata yule wa drams akaacha. Hapo hapo mshereheshaji akatokea na maikrofoni yake, ambayo ilifanya kazi vizuri kabisa, akasema tuwapigie makofi, sasa tujiandae kwa burudani yenyewe. Burudani yenyewe! Huku mwenye burudani amesimama pembeni yake na chombo mkononi.

Mimi nimevuta nyaya na kubeba spika za bendi za harusi Jinja kwa miaka mingi, kwa hiyo ninajua sauti inayokatika kwa hitilafu na sauti inayoshushwa kwa kidole. Hitilafu ina mluzi, ina mkwaruzo, ina fundi anayekimbia. Hapa palikuwa kimya safi. Nikaenda kwenye meza ya mitambo, nikamwuliza kwa adabu, "Kaka, kuna tatizo gani, mbona wamezimwa?"

Hakuvua hata vile vya masikioni. Akasema, "Mzee, muda wao umeisha. Hao ni wa kujaza nafasi tu. Watu wamekuja kwa Stones."

Nikamwambia watu wamesimama wanamtaka. Akasema, "Rudi nyuma, mzee, unaniharibia kazi," na akamwashiria askari wa mlangoni. Askari yule alikuwa mtu mwema, alinishika bega taratibu akasema, "Ssebo, twende tu." Nikaenda. Lakini hayo maneno ya kujaza nafasi yalibaki kooni.

Maana sikiliza kilichofuata. Muda uliokuwa umeisha ulikuwa muda gani? Bendi kuu ilitoka baada ya zaidi ya saa nzima. Saa nzima tulipigiwa nyimbo za kompyuta, watu wakatoka nje kununua rolex, zile chapati za mayai, wengine hawakurudi. Yule dada angemaliza nyimbo zake zote, akapumzika, akarudi tena.

Na kama kweli watu wamekuja kwa Stones, basi fundi wa usiku wa Stones angejua historia ya Stones. Bendi ile imewahi kufunguliwa na watu ambao leo tunawaita magwiji. Mwaka 1966 kule Uingereza walifunguliwa na Ike na Tina Turner, na mwaka 1969 wakawachukua tena, Marekani, pamoja na B.B. King. Mwaka 1972 aliyefungua ziara yao ya Marekani alikuwa Stevie Wonder. Alikuwa na umri wa miaka 22, anatoka kwenye muziki wa utotoni kwenda kwenye muziki wa kiutu uzima, na ziara ile ikamweka mbele ya umati wa wazungu wa rock ambao wengi wao wasingemtafuta wenyewe. Mwanzoni mwa 1973 wimbo wake ulikuwa namba moja Marekani. Na wakati wa ziara, mwisho wa onyesho, alikuwa anarudi jukwaani kupiga pamoja na Stones. Mwaka 1978 walikwenda na Peter Tosh, Mjamaika wa reggae aliyetoka kwa Wailers, bendi aliyokuwa nayo Bob Marley, wakamsajili kwenye lebo yao wenyewe ya kutoa rekodi, na Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, alikuwa akiingia kuimba naye wimbo mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia mfunguzi ni wa kujaza nafasi, ananiambia hajui anaendesha usiku wa nani.

Najua mtu atanijibu kwa Prince, yule nyota wa Marekani, kwamba hata yeye alipofungua mambo yalimwendea vibaya. Sawa, tumzungumze Prince. Oktoba 1981, uwanja wa Coliseum wa Los Angeles, Prince kijana anawafungulia Stones akiwa na koti refu na kichupi cheusi. Umati ukamzomea, ukamrushia vyakula na chupa, akaondoka jukwaani kabla ya kumaliza. Akapanda ndege akarudi kwao Minneapolis. Jagger akampigia simu kumbembeleza, akarudi kwa onyesho la pili, wakamzomea tena. Jimi Hendrix, gwiji wa gitaa, naye mwaka 1967 aliwafungulia The Monkees, bendi ya pop, mbele ya mabinti wadogo waliokuwa wakiliita jina la Davy Jones, mwimbaji wa bendi hiyo, wakati yeye anapiga, akajitoa kabla ziara haijaisha. Bob Marley na Wailers mwaka 1973 walitolewa kwenye ziara ya bendi ya Marekani, Sly and the Family Stone, baada ya maonyesho machache tu. Kufungua jukwaa la mwingine ni kazi ngumu, hakuna anayebisha.

Lakini angalia tofauti. Prince na Hendrix walikataliwa na watazamaji. Los Angeles watu ndio walisema hatumtaki. Kampala watu walisema tunamtaka, na mtu mmoja mwenye kidole kwenye mtambo akasema hapana. Sijawahi kuona jambo kama hilo, na nimeona mengi. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja na mwenyeji ndiye aliyenyang'anywa sauti nyumbani kwake.

Na tusijifanye kwamba nyuzi za kwetu hazina mahali kwenye rock. Geoffrey Oryema, mwanamuziki Mwacholi, alikimbia nchi hii mwaka 1977 baada ya baba yake kuuawa wakati wa Amin, akafika Ufaransa na muziki wake wa nanga, chombo cha nyuzi, na lukeme, kile cha vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1990 kwenye lebo ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa rock wa Uingereza, na aliyeitayarisha ni Brian Eno, mtayarishaji maarufu wa huko huko. Watu wa rock wa hali ya juu kabisa waliinama wakasikiliza nyuzi za kaskazini mwa Uganda. Fundi wetu wa Kampala alisikiliza nyimbo mbili na kipande.

Nikubali jambo moja la kiufundi, ili nisimwonee. Mfunguzi popote duniani hupata sauti ya mabaki. Bendi kuu hupima sauti kwanza, mchana, vyombo vyao vinaachwa pale pale jukwaani. Wa kufungua hupima mwisho, milango inakaribia kufunguliwa, na wanapiga wamebanwa ukingoni mbele ya drams za wenzao. Adungu nayo ni chombo kigumu kwa fundi: ina uvungu na ngozi, ukiisimamishia maikrofoni karibu na spika inaanza mluzi. Kama sauti yake ingekuwa hafifu, au ingepiga mluzi, nisingeandika neno. Ila yule dada alikuwa amelimaliza tatizo hilo mwenyewe kwa kinasa chake cha kubandika. Fundi alikuwa na kazi ya kuacha mambo yalivyo. Alishindwa hata hiyo.

Sasa bendi. Nilikaa nimenuna, nimekunja mikono, na walipoanza nikajikuta nimesimama. Mpiga gitaa wao alikuwa na gitaa la nyuzi tano, kama afanyavyo Keith Richards mwenyewe, mpiga gitaa wa Stones, ambaye huondoa ule uzi mnene wa sita na kuzifunga tano zilizobaki kwa sauti ya G, hivyo akizipiga zote bila kubonyeza popote zinatoa sauti zinazopatana kwa pamoja. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Stones ukizipiga kwa gitaa lililofungwa kawaida haziiti vilevile. Kijana yule alijua. Nikawaza, hizi ni nyuzi zilizo wazi zinazoongea zenyewe, na adungu ni hivyo hivyo, kila uzi na sauti yake, hakuna pa kubonyeza. Nyimbo kama nne hivi nilicheza, dada yangu alicheza, na moyoni nikasema pengine nitawapa nyota tatu, fundi mmoja mkorofi asiwaharibie vijana wa watu.

Halafu mwimbaji akasimamisha bendi. Akasema walimsikia yule dada wakiwa chumba cha nyuma, wakafurahi, wakapanga wimbo mmoja wapige naye, na sasa wanaambiwa ameshaondoka. Akasema pole kwa wote. Ukumbi mzima ukaguna.

Hapo ndipo nyota zangu zikaanza kuanguka. Nilitoka nje. Alikuwa hajaondoka! Alikuwa getini na wenzake, ile adungu kubwa imelazwa ukutani, wanabishana na mwenye gari kuhusu nauli ya mizigo. Tuliongea Kiswahili, maana mimi Kialur sina na yeye Luganda hana. Nikampa pole. Akasema, "Asante, kaka. Wametuambia tutoe vyombo haraka, njia ipitike." Nikamwuliza kama alijua bendi inamtaka ndani. Hakuna aliyemwambia. Nikamwambia rudi, nitakusindikiza mwenyewe. Akaangalia mlango, akaangalia gari, akasema mwenye gari akiondoka hatapata mwingine wa kubeba adungu usiku ule. Wakapakia.

Fikiria hicho kilichopotea. Kile ambacho Jagger alikifanya na Tosh, kile ambacho Stones walikifanya na Stevie Wonder, kilikuwa tayari Kampala. Gitaa la nyuzi tano na adungu yenye sauti ya kukwaruza, jukwaa moja. Bendi ilitaka. Dada angetaka. Watu tulitaka mno. Kilichohitajika ni mtu mmoja wa waandaaji kutembea kutoka chumba cha nyuma hadi getini, hatua chache, na hakuna aliyetembea, kwa sababu kwao yeye alikuwa wa kujaza nafasi na nafasi ilikuwa imeshajaa. Nikakumbuka tulivyotoka Jinja kwa teksi, foleni ya msitu wa Mabira njiani, dada yangu amesinzia begani, na nikaona hela yangu imeibwa nusu. Tiketi niliyolipa ilikuwa ya usiku mzima, na mfunguzi alikuwa ndani ya usiku huo.

Niliwaandikia waandaaji. Wakanijibu, "Asante kwa maoni yako, karibu tena." Nikawaandikia kwamba sikutoa maoni, nimeuliza maswali: nani aliamuru azimwe, na kwa nini hakuitwa. Kimya mpaka leo.

Sasa kuna usiku mwingine unatangazwa, bendi ileile. Mtu akinishika mkono aniulize vijana wa Nairobi wanafaa, nitamwambia wanafaa sana, nenda ukawasikilize kokote wanakopiga, ila si kwa waandaaji hawa. Nyota tatu zimekuwa mbili, na ninapoandika hivi namwona yule dada anaimba bila sauti, kwa hiyo iwe moja. Kwenye bango jipya chini ya jina la bendi wameandika "na wengineo". Nimewauliza wengineo ni akina nani, wana majina gani, na watapewa dakika ngapi. Wakinijibu kwa majina nitarudi hapa niandike. Na kama miongoni mwa majina hayo limo la yule dada wa Nebbi, nitanunua tiketi siku hiyohiyo, yangu na ya dada yangu, na safari hii nitasimama karibu na ile meza ya mitambo.