TAHADHARI: Hio "mashine ya kuzoa mchanga" inayouzwa Mombasa ni mashine ya theluji, msitume pesa

Jamani watu wa Mombasa na Pwani yote, kama umeona tangazo la mashine ya kusafishia njia ya nyumbani, mtumba kutoka ng'ambo, "inazoa mchanga na matope yenyewe", shika pesa yako kwanza usome hapa. Mie nishaliwa, shilingi 48,000, na mashine iko barazani saa hii kuku yuwatagia ndani yake.

Mzee wangu anakaa Kiembeni. Wanaokaa njia za ndani huko wanajua shida yetu, masika yakianza maji yanateremka na mchanga wote wa barabara ya juu yanakuja kuumwaga kwetu, kutoka getini mpaka barazani ni kama mita thelathini na kabro zote, yale matofali ya kutandika njia, zinafunikwa huzioni, mvua ikikatika hapo juu yake yanaanguka majani ya mwarubaini na ya mkungu yanaganda kama mkeka. Mzee ana miaka 71, mgongo ushamkataa, lakini ukimwambia aache beleshi ni ugomvi wa siku tatu. Nkasema hapana, ntamtafutia mashine apumzike.

Ndo nkaliona lile tangazo mtandaoni. Mashine ya rangi ya machungwa, magurudumu mawili ya mpira, mbele ina mdomo mpana na ndani ya mdomo kuna chuma cha kujisokota kama kile cha mashine ya kusagia nyama lakini kikubwa, na juu limetoka bomba limepinda kama shingo ya bata. Imeandikwa inazoa mchanga, matope, majani, kokoto, inatupa mita kumi, imetoka kontena juzi, bei maongezi. Na video.

Hio video ndo iliyoniua. Ilikuwa fupi, sekunde kama ishirini, imekatwa juu na chini, unaona mashine inatembea na kitu cheupe kinaruka kutoka kwenye bomba, kingi, kinaruka mbali kweli. Nkamuuliza hio ni nini nyeupe hivo? Akanijibu palepale, "Mama, huo ni mchanga wa Diani." Na mie nkakubali! Mtu nimezaliwa Mombasa, Diani nishakwenda sijui mara ngapi, nkakubali. Hata nliona mkono wa yule mtu kwenye video una glavu nene na mkono wa jaketi, nkajiambia labda ni mambo ya usalama kazini. Msinicheke, au chekeni basi, nshajicheka mwenyewe ya kutosha.

Alianza na 65,000 tukashukiana mpaka 48,000. Akataka 20,000 kwanza ya "kuishikilia" kwa sababu kuna mteja wa Malindi yuko njiani. Nkatuma M-Pesa na jina lililotokea kabla sijathibitisha halikuwa lake, lilikuwa la mwanamke, nkamuuliza akasema ni laini ya mkewe kwa sababu yake imejaa. Hapo nlikuwa nishike breki. Zilobaki nkamlipa mashine iliposhushwa getini, na pikapu ya kuileta nkalipa mie 3,500, hakushuka hata kwenye gari, alimtuma kijana ambaye kila ukimuuliza yuwasema "hayo muulize bosi".

Sasa sikizeni ilivokuwa. Mashine ina njia mbili za kuwashwa, kamba ya kuvuta, na kitufe kilicho na waya wa kuchomeka kwenye stima. Plagi yake ina vyuma viwili bapa, si zetu hizi za pini tatu. Mpwa wangu akaweka adapta, akachomeka, akabonyeza, ikalia mlio mmoja mkali kama filimbi, pap, moshi, kwisha. Stata, ile mota ya kuiwasha, imeungua. Baadae fundi akatusomea kile kibandiko kidogo pembeni, imeandikwa volti 120, ambayo ni stima ya Marekani na Kanada, na sisi kwetu ni 240. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, volti haigusi, mkumbuke hilo kwa kitu chochote cha mtumba kutoka huko.

Basi tukaiwasha kwa kamba. Iliwaka, nisiseme uongo, na kelele yake majirani wote walitoka. Tukaiingiza kwenye mchanga uliorowa, ikala kama hatua mbili tatu halafu bomba likaziba, matope yamejaa kama simenti. Mpwa wangu akapeleka mkono kwenye mdomo wa mashine ayatoe na injini inawaka! Mzee alimpigia ukelele sijawahi kumsikia hivo. Na fundi alituambia hata ikiwa imezimwa usiingize mkono, kile chuma kikiwa kimebanwa kinaweza kubaki na nguvu, ukitoa lile tope kinajigeuza ghafla na vidole vinakwenda. Unazima, unangoja kila kitu kisimame, unachokonoa kwa kijiti.

Siku ya pili tukasema labda inataka mchanga mkavu. Kwenye mkavu ilirusha kweli, vumbi mtaa mzima, na kokoto moja ikaenda ikatoboa bati la choo cha jirani. Siku ya nne ikaanza kutoa moshi wa buluu na kukosa nguvu, ikazima, ikakataa.

Nkamtafuta fundi wa jenereta wa Mtopanga, mtu mzima, haongei sana. Akaifungua, akatafuta, akageuka akaniuliza, "Hii filta yake ya hewa mmeitoa?" Hatujatoa kitu. Akatafuta tena akasema haina, na haina hata mahali pa kuiweka. Pale kwenye kabureta kuna boksi la bati limeifunika linavuta joto la egzosi, akashangaa, injini gani hii inajipasha moto yenyewe na hapa joto la Mombasa linatosha. Mchanga wote tulourusha siku zile injini iliuvuta mpaka kwenye silinda, ringi zimelika. Kuifufua ni zaidi ya 15,000 na akaniambia ukweli, mama, usitie pesa hapa.

Nkamtumia picha mtoto wa mamangu mdogo aliye Edmonton, Kanada. Mwenzangu alicheka dakika nzima kabla hajasema neno. Hio ni mashine ya THELUJI. Kwao nyumba nyingi zinayo, miezi ya baridi wanaamka asubuhi gari halitoki, ndo wanasukuma hio kitu kutoka gereji mpaka barabarani. Hata yuwasema ilibuniwa hukohuko upande wa Quebec, na Arthur Sicard, mwaka 1925, yeye ni mtu wa kujua vitu kama hivo. Filta haina kwa sababu kwenye theluji hakuna vumbi, na filta ikiingia unyevu inaganda. Lile boksi la kupasha joto ni ili kabureta isishikwe na barafu. Kila kitu kilichotuua sisi, huko ndo ubora wake.

Akanieleza pia mbona ilikwama. Theluji iliyoanguka sasa hivi, mita moja ya ujazo haizidi kilo 100 hivi. Mchanga uliorowa, mita hiohio, unakaribia kilo 2,000. Yaani unachukua punda wa kubeba pamba unampakia mawe. Na hata huko kwao wanaonunua wanachagua, kuna ndogo zenye mapanga ya mpira yanayogusa chini kabisa, hizo ni za njia ya lami au simenti na theluji isiyozidi shibiri, huzipitishi kwenye kokoto zitakurushia mawe. Na kuna kubwa kama hii yangu, za hatua mbili, kile chuma kinakusanya na feni ya nyuma inatupa, zina viatu vya chuma ubavuni vya kuinua mdomo juu ya kokoto. KUINUA JUU YA KOKOTO. Mie niliambiwa inazizoa.

Kibandiko cha mbele kilikuwa kimekwaruzwa kwa kisu, lakini chini ya mpini kilibaki kipande na neno moja, "neige". Nlidhani ni jina la kampuni. Binamu yangu akasema hio ni theluji kwa Kifaransa, kwa sababu vitu vya Kanada vinaandikwa lugha mbili. Kwa hivo yule muuzaji alijua, mtu asiyejua hakwaruzi kibandiko.

Ukitaka kuitambua basi: bomba la shingo ya bata lililo juu, chuma cha kusokota mdomoni, plagi ya vyuma bapa, na mwambie akuonyeshe filta ya hewa. Akianza kuzunguka, ondoka. Na mwambie aije nayo kwako, aiwashe kwenye mchanga WAKO, ulorowa, ndo umlipe. Jina la M-Pesa lisipokuwa lake usitume, mke wake asikuhusu.

Na kama umekuja hapa kwa sababu kweli unatafuta njia ya kusafisha kwako, ntakwambia tulivomaliza. Bloa ndogo ya kushika mkononi, ile ya kupuliza upepo, inafaa majani makavu peke yake, yakirowa haiyasongeshi. Mashine ya presha ya wale vijana wa kuosha magari inatoa matope kwenye kabro vizuri sana lakini inakunywa maji, na maji ya Mombasa mnayajua, na ukikaza sana inachimbua mchanga ulio katikati ya kabro zinaanza kucheza. Sisi tulichimba mtaro mdogo getini kwa ndani, futi moja kwenda chini, tukaufunika kwa vyuma vya grili, maji yakija na mchanga yanaangukia mle. Baada ya mvua kubwa wanakuja vijana wawili na beleshi na wilibaro nawapa mia tano tano, wanazoa mtaro, wanapitisha fagio la chelewa, saa moja wamemaliza. Elfu moja kwa mvua. Ile 48,000 ingenilipia mara arobaini na nane, sijataja pikapu. Mchanga wenyewe mzee anauchekecha anampa fundi wa jirani wa kupiga plasta, sasa ana biashara.

Kuhusu pesa yangu, namba ya OB, yaani ya ripoti yangu polisi, ninayo na mesej zote nimeziweka pamoja na ile video. Nmeambiwa kesi ya pesa isiyozidi milioni moja inaingia mahakama ya madai madogo, huhitaji wakili, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60, tatizo langu ni kumjua mtu mwenyewe maana jina ni la yule mwanamke. Kwa hivo kama na wewe umeliwa na jamaa wa mashine ya machungwa, weka neno hapo chini na tarehe, lakini jina lililotokea kwenye M-Pesa lihifadhi tutalipeleka pamoja, usilianike hapa.

Na kilichonifanya niandike leo ni hiki. Jana shoga yangu wa Mtwapa kanitumia tangazo jipya, jina jingine, namba nyingine, picha ni zilezile na video ni ileile nyeupe, ila sasa inaitwa "mashine ya shamba ya kazi nyingi" na bei imepanda 72,000. Nkachukua simu ya mzee nkampigia, sauti ni yeye wallahi. Nkajifanya sijui, nkamuuliza bwana hicho cheupe kinachoruka kwenye video ni nini.

"Hio ni chokaa, mama. Inanyunyiza chokaa shambani. Tuma ishirini nikushikilie, kuna mteja wa Malindi yuko njiani."