Kazi ya hisani Arnhem Land: nyota nne, ya tano naishikilia

Vijana wanaomaliza KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba hapa Kenya, huniandikia karibu neno kwa neno: "Dada, ile kazi yako ya Australia ilikuwaje, na mimi naweza kuipata?" Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hivyo someni hapa. Nitaitathmini ajira yenyewe pamoja na huduma tuliyokuwa tukitoa, maana mwajiri wa aina hii humpimi kwa mshahara peke yake. Jina la shirika nalihifadhi. Ni shirika la hisani lenye ofisi Darwin, kaskazini mwa Australia, na wanaohudumiwa ni familia za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huko Arnhem Land, zenye ugonjwa wa neva wa kurithi. Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo. Nimesharudi Nairobi, natibu katika hospitali moja ya umma, na jioni nawafuata wagonjwa wachache majumbani, Umoja na Kayole.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Machado-Joseph. Ni majina ya familia mbili za Marekani zenye asili ya visiwa vya Azores, Ureno, ambazo habari zao ziliandikwa na madaktari miaka ya 1970. Vitabuni mtaukuta kama ataksia ya spinoserebela aina ya 3. Kijeni kiitwacho ATXN3, kwenye kromosomu ya 14, kina herufi tatu, CAG, zinazojirudia. Kwa mtu mzima wa afya marudio hayazidi 44 hivi. Mgonjwa kwa kawaida ana 60 na kuendelea. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi, wa kike sawa na wa kiume. Linalouma zaidi ni kwamba marudio yanaweza kuongezeka yakipita kwa mtoto, hasa yakitoka kwa baba, ndipo mtoto anaanza kuumwa katika umri mdogo kuliko mzazi wake alivyoanza. Nimeingia nyumba ambamo baba na binti walihitaji viti vya magurudumu karibu wakati mmoja.

Ukikutana na mgonjwa wa hatua za mwanzo na hujui habari zake, utaapa kwamba amelewa. Anatembea miguu imetanuka, anapapasa ukuta, ulimi umekuwa mzito, macho yanaona vitu viwili viwili. Akili lakini iko timamu, na anasikia kila unachomnong'onezea mwenzako. Mzee mmoja, fundi wa mashua enzi zake, aliniambia miguu haikumwudhi sana. Kilichomwudhi ni kukataliwa na dereva wa teksi mchana kweupe, kanisani ndiko alikotoka. Nairobi hali ni ile ile. Kondakta wa matatu hampandishi mtu anayeyumba, na nikiuliza wagonjwa wangu wa Kayole wenye matatizo ya aina nyingine ya serebela, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, karibu wote washaitwa walevi, na mmoja kapelekwa kuombewa pombe imtoke ilhali hajawahi kuionja.

Sehemu inayojulikana duniani kwa kuwa na wagonjwa wengi kuliko kwingine, ukilinganisha na idadi ya watu, ni Groote Eylandt, kisiwa cha watu wa Anindilyakwa katika Ghuba ya Carpentaria, zaidi ya kilomita 600 kutoka Darwin. Familia za huko ndizo zilizosukuma hadi MJD Foundation, shirika la wenye ugonjwa huu, ikaanzishwa mwaka 2008, na mengi wanayofanya wengine leo yamejifunzwa pale. Zamani iliaminika kwamba ugonjwa uliletwa na mabaharia Wareno. Uchunguzi wa vijeni umeelekeza kwingine: tawi la ugonjwa walilo nalo Waaborijini linafanana na la familia za Asia. Hapo watu wengi hukumbuka wavuvi wa Makassar, Indonesia, waliokuwa wakija pwani hiyo na pepo za msimu kutafuta jongoo bahari wa kuuzia Wachina, hadi mwaka 1907 safari zilipokoma. Mwenye jamaa Shimoni au Vanga, pwani yetu ya Kenya, hahitaji kuelezwa jongoo bahari ni nini wala biashara ya kusubiri upepo ilivyokuwa. Wazee wengine wa Kiaborijini, hata hivyo, wana masimulizi yao ya chanzo na hawayatoi kwa kila mgeni. Nami sikuchokonoa.

Sasa huduma. Nyota ya kwanza na ya pili natoa kwa jambo moja: shirika halihesabu mgonjwa, linahesabu ukoo. Huwezi kufika kijijini ukauliza "mgonjwa yuko wapi" ukaanza kumnyoosha miguu. Unaanza na mfanyakazi wa pale pale, mwenyeji anayejua lugha na anayejua nani ni nani wa nani, na yeye ndiye anayeamua kama leo utaingia nyumba ile au utarudi kesho. Analipwa kwa kazi hiyo, na neno lake lina uzito mkutanoni kuliko langu. Nilipokaa kidogo nikapewa undugu: nikawa dada mdogo wa mama mmoja, wanawe wakawa wanangu, na papo hapo kukawa na mwanamume ambaye singeweza kumhudumia wala kuketi naye gari moja, kwa sababu kwa hesabu hiyo alikuwa mkwe. Wafanyakazi wenzangu kutoka Melbourne lilikuwa likiwasumbua hili. Mimi nimetoka Bungoma. Tangu utotoni najua mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono wala hawakai chumba kimoja. Ratiba ya wagonjwa tuliipanga upya, tukamwita fizio wa kiume kutoka Darwin, yakaisha.

Msiba nao una taratibu zake. Marehemu hatajwi jina, picha zake zinafunikwa, na hata aliye hai mwenye jina hilo huitwa kwa jina jingine kwa muda. Kazi zote za kijiji husimama. Ugonjwa unaoshika ukoo mzima huleta misiba mingi, kwa hivyo ukiwa mtu wa kukasirika ratiba ikivunjika, hii kazi haikufai hata kidogo.

Nyota ya tatu ni vifaa. Kiti cha magurudumu cha hospitali, kile chenye magurudumu madogo ya mbele, hakina maana mahali ambapo nyumba zimezungukwa na mchanga. Gurudumu la mbele linazama, mgonjwa anaelekea kifudifudi, na aliyesukuma anaogopa kusukuma tena. Chumvi ya bahari inaingia kwenye beringi na baada ya muda mfupi unasikia zinalia kama panya. Shirika lililijua hilo kabla sijafika: viti vyetu vilikuwa na matairi mapana, tulibeba beringi za akiba, na kila ziara ilikuwa na saa za kusafisha na kupaka grisi, kazi ambayo hakuna chuo kilichonifundisha. Mgonjwa aliweza kufika ufukweni wenzake wanapovua. Tiba ya maana zaidi niliyoitoa kule ilikuwa hiyo, na naisema mbele ya mwalimu yeyote wa anatomia. Kayole hakuna bahari, ila mitaro na barabara ya changarawe inafanya kazi ile ile. Nilimpelekea fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries mchoro, akachomelea uma mpana na magurudumu makubwa ya mbele, na mgonjwa wangu sasa anafika dukani bila kubebwa.

Nyota ya nne ni umezaji, na hapa nataka wanafunzi watulie. Watu wengi wenye ugonjwa huu mwishowe hupata shida ya kumeza, na chakula au kinywaji kikipotea njia kikaingia mapafuni, nimonia inafuata. Watu hudhani maji ndiyo salama. Maji ndiyo mabaya, kwa sababu yanakimbia kabla njia ya hewa haijajifunga. Mtaalamu wa usemi na umezaji alikuwa akija nasi, na hakuhubiri. Aliketi na familia jikoni, akatengeneza chai wanayoinywa wao, tamu kupita kiasi, akaikoleza kwa poda kijiko kwa kijiko hadi ikawa inadondoka kwa uzito, akaonja kwanza yeye. Halafu akamweka mama wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifua, kijiko kidogo, subiri, ameze, ameze tena mara ya pili mdomo ukiwa mtupu, ndipo kijiko kingine. Kijana wa darasa la sita alikuwa akitazama. Tuliporudi safari iliyofuata, ndiye aliyekuwa akimnywesha bibi yake, na alimkaripia mjomba wake kwa kuharakisha.

Poda hiyo Nairobi ni ya kuagiza na bei yake si ya Kayole. Lakini tuna uji wa wimbi. Baada ya kupimwa umezaji na mtaalamu, wagonjwa wangu kadhaa wanakunywa uji mzito kuliko walivyozoea, katika mkao ule ule, na familia haioni kwamba imeletewa dawa ya kigeni.

Kuhusu kupima vijeni sitasema mengi; wanaohusika walilifanya vizuri. Mtoto chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi kutabiri kama ataumwa. Mtu mzima anapewa ushauri kabla, na ana haki ya kutotaka kujua. Ugumu ni kwamba majibu ya mmoja ni habari za wengine: binti akikutwa nao kwa upande wa mama, basi mama naye anao, hata kama mama alikataa kupima. Mkutano wa familia ulikuja kabla ya sindano, kila mara. Laiti hapa kwetu tungefanya hivyo kwa selimundu.

Nyota ya tano siitoi. Sababu ni watu kuja na kuondoka. Wazungu wengi, na mimi mwenyewe pia, tulikuwa wa mkataba. Unafika, ukoo unakuzoea, unajua nani anapenda kuguswa mguu gani kwanza, kisha mkataba unakwisha na anakuja mwingine anayeuliza maswali yale yale kwa mara ya kumi. Mama mmoja alimwambia fizio mpya, mbele yangu, "Soma daftari. Mimi nimechoka kujieleza." Alikuwa na haki.

Tatizo la pili ni fedha kuhesabiwa kwa saa. Mpango wa taifa wa bima ya ulemavu, NDIS, umesaidia sana, na bila huo viti vile visingekuwepo. Ila unalipa huduma kwa msimbo na dakika. Kumnyoosha mtu misuli kuna msimbo. Kuketi chini ya mti na wazee tangu asubuhi mkingoja aliyefiwa atoke ndani, sikuuona wake. Shirika lilifidia kwa michango, na msimamizi wangu alikuwa akijaza fomu hizo usiku akilaani kwa sauti. Sidhani ni kosa lao, lakini atakayeajiriwa litamkuta.

Mshahara si wa kutajirisha, ila si haba. Jambo ambalo wengi hawalijui: mashirika ya hisani ya Australia yenye hadhi maalumu ya ufadhili wa jamii yanaruhusiwa kukulipia gharama zako za kawaida, kama kodi ya nyumba, hadi dola 15,900 za Australia kwa mwaka kabla ya kukatwa kodi ya mapato. Ulizeni hilo mapema. Makazi vijijini hutegemea nafasi. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni masika, barabara hukatika na ndege ndogo huahirishwa. Joto lake Mombasa haioni ndani, na usifikirie kupoa baharini wala mtoni, kuna mamba wa maji ya chumvi.

Karatasi: diploma ya KMTC peke yake haitoshi kukusajili kuwa fizio kule. Kuna kutathminiwa na Australian Physiotherapy Council, baraza la mafizio, kisha usajili wa Ahpra, mamlaka ya kusajili wahudumu wa afya, na vyote vina gharama na vinachukua muda. Mimi nilianza kama msaidizi wa tiba, cheo cha chini na mkoba mzito, na sikujuta. Utahitaji pia Ochre Card, kibali cha eneo hilo, Northern Territory, cha kufanya kazi na watoto. Kwenye usaili waliniuliza kidogo sana kuhusu misuli. Waliuliza ningefanya nini nikifika baada ya safari ndefu nikaambiwa nirudi nilikotoka.

Kazi hizi hazipiti kwa wakala. Hutangazwa kwenye tovuti za mashirika yenyewe, na mahojiano ni kwa video. Wakala aliyenifuata mimi hapa mjini, kabla sijapata nafasi hii, alitaka "ada ya kushikilia kiti" kwa kazi ambayo hata hakujua iko jimbo gani. Ukiombwa ada ya aina hiyo, tazama kwanza kama kampuni imo kwenye orodha ya National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya Kenya. Hata ikiwemo, mwambie wakala akutajie ugonjwa wanaohudumia. Akishindwa, kata simu.