Tairi kubwa kwenye Land Cruiser ya Bukavu: difu ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe sokoni

Tairi ya 315/75R16 ina kipenyo cha milimita 879 hivi. Ile ya 7.50R16, ambayo pikapu nyingi za Land Cruiser zilizoko huku zilikuja nayo, ina 806. Ni kama sentimeta 7 tu, lakini kuanzia siku unapozifunga, difu yako ya 4.1 (yaani shafti inayotoka kwenye injini huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja) inafanya kazi kama ya 3.76, na namba ikishuka, mvuto nao unashuka. Ukiwa na mifuko ya saruji nyuma na mlima wa Kadutu mbele, ambreyaji, yaani klachi, ndiyo itakayokueleza tofauti, na itakueleza kwa harufu.

Hesabu ni moja: uwiano wa zamani mara kipenyo kipya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. Kwa mfano wetu, 4.1 mara 879 gawanya kwa 806 ni 4.47. Hakuna anayeuza 4.47, kwa hiyo utachagua kati ya namba iliyo chini yake na iliyo juu yake. Wanaoishi bondeni, kwenye lami ndefu, hushauri namba ya chini ili injini isipige kelele barabarani na isinywe mazutu mengi. Sisi tuko kwenye mita 1,500. Injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Kabla hujagusa tairi, asilimia 15 hivi imeshaondoka. Kwa hiyo hapa Bukavu, ukikwama kati ya namba mbili, chukua ya juu. Sijaona sababu ya kufanya vinginevyo kwa gari linalobeba mzigo.

Mpangilio wangu ni wa pikapu ya 1HZ iliyotoka na 4.1.

Ya kwanza: 4.56. Kuroni, gia kubwa ya duara ndani ya difu, ya meno 41; pinyo, gia ndogo inayoizungusha, ya meno 9. Ukiwa na tairi za 315, vitesi (gia) ya nne, kilomita 60 kwa saa, injini itazunguka kama mara 1,650 kwa dakika. Kwa tairi za kiwandani na 4.1 ilikuwa 1,620, na kwa tairi kubwa bila kubadilisha difu inashuka hadi 1,485. Gari linarudi kuwa lile ulilolizoea, na linakuongezea kidogo.

Watu husifu kupanda, mimi naipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya kushuka. Chukua barabara ya Uvira kupitia Nyangezi na Ngomo: unatoka kwenye kimo cha Ziwa Kivu, mita 1,460, unaelekea bonde la Ruzizi na Ziwa Tanganyika lililo chini ya mita 800. Huko ni injini inayopaswa kulishika gari, breki zisaidie tu. Tairi kubwa zenye difu ya zamani zinakuondolea sehemu ya ule mshiko, kisha unakanyaga breki kwenye kila kona, na breki zilizochemka hazina huruma. 4.56 inakurudishia mshiko huo. Hata mwenye tairi za 285/75R16, kipenyo 834, akiwa ni mtu wa mizigo, nitamwambia achukue hii.

Ya pili: 4.3. Kwa tairi za 285 hesabu inatoa 4.24, kwa hiyo 4.3 inakaa vizuri. Kwa 315 haitoshi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba Toyota yenyewe imeitumia kwenye baadhi ya Land Cruiser, kwa hiyo unaweza kupata difu nzima ya okazioni (iliyotumika), iliyopangwa kiwandani, ukaifunga bila mtu kugusa pinyo. Kabla ya kulipa, hesabu mifereji ya ndani inakoingia ekseli na uilinganishe na ekseli zako, maana hazifanani zote.

Ya tatu: usinunue difu kabisa. Funga 235/85R16. Kipenyo chake ni sawa na cha 7.50R16, kwa hiyo 4.1 inabaki mahali pake, na wembamba wake unasaidia tairi kushuka hadi kwenye udongo mgumu chini ya tope. Kwa wengi hii ndiyo ingekuwa ya kwanza, ila anayesoma mwongozo huu kwa kawaida ameshanunua tairi kubwa.

Ya nne: 4.88. Meno 39 kwa 8. Inavuta, hilo halina ubishi, na anayeshinda kwenye tope la Mwenga na Kamituga akiwa amejaza mzigo anaweza kuitetea. Lakini kadiri namba inavyopanda ndivyo pinyo inavyokuwa ndogo, na pinyo ndogo hubeba uzito uleule kwa meno machache. Likivunjika moja ukiwa Mwenga, kipuri kiko mbali.

Ya mwisho: 3.9. Inatoka kwenye Land Cruiser za V8 ya turbo, zenye nguvu ya kuisukuma. Kwenye 1HZ yenye tairi za 315 inakuwa kama 3.58. Utaikuta kwa bei nzuri. Iache.

Sasa, sokoni utasikia hivi: «Papa, badilisha ya nyuma tu, ya mbele haina kazi.» Kataa. Ukiingiza nne kwa nne huku mbele kuna 4.1 na nyuma 4.56, magurudumu yatavutana kupitia sanduku la kugawa nguvu, na kwenye lami kitu kitavunjika. Tofauti ya 4.10 na 4.11 haina shida, zaidi ya hapo hapana. Difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma, kwa hiyo ni seti mbili tofauti, na bei uliyoambiwa ya moja ujue haijafika nusu ya safari.

Usimwamini muuzaji wala mwenye gari wa zamani kuhusu namba. Difu ikiwa mezani, hesabu meno, kisha tazama kuroni na pinyo kama zina namba inayofanana: zilisagwa pamoja kiwandani na hazitenganishwi. Ikiwa bado iko kwenye gari, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, weka vitesi huru na nne kwa nne nje, legeza breki ya mkono, inua gurudumu moja tu la nyuma. Lizungushe mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya shafti. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, shafti huzunguka nusu tu ya kawaida, kwa hiyo gawanya kwa 10: mizunguko 41 ni 4.1; 43 ni 4.3, ikiwa 45 na nusu hivi, ni 4.56.

Kabla ya kumpa fundi kazi, muulize kama ana saa ya kupimia nafasi kati ya meno na rangi ya kupaka kuona yanagusana wapi. Anayepanga kwa sikio mpe kazi nyingine. Bajeti iwe na bearingi mpya na mafuta ya 80W-90 yenye alama ya GL-5.

Safari za mwanzo ziwe bila mzigo na zisiwe ndefu. Nenda Kavumu, simama, acha difu ipoe, rudi. Baada ya kilomita 800 hivi mwaga mafuta. Vumbi laini la chuma ni kawaida. Ukipata vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, gari lisitoke garaji.