Kikokotoo cha biti na baiti: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Kazi yangu ni kuhariri video, na kila wiki natuma faili kubwa kwa watu wanaozisubiri. Miezi minane iliyopita nilimwahidi mteja kwamba faili yake ya GB 9 ingemfikia ndani ya dakika kumi. Kasi yangu ya kupakia ilikuwa 20 kwa sekunde. Nikachukua 9,000, nikagawanya kwa 20, nikapata sekunde 450, yaani dakika saba na nusu, nikaongeza kidogo kwa tahadhari. Ilichukua saa moja na dakika tano. Mteja alikuwa ukumbini na wageni wake, projekta imeshawashwa, ananipigia simu kila baada ya dakika chache. Nikampigia mtoa huduma wangu kwa hasira, nikidai napunjwa kasi.

Sikuwa napunjwa chochote. Ile 20 ilikuwa megabiti, faili yangu imepimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ilikuwa inasukuma megabaiti 2.5 kila sekunde, kama ilivyotakiwa.

Jioni hiyohiyo nikaanza kutafuta kikokotoo cha simu. Cha kwanza nilikifuta siku ya pili, kwa sababu kiliandika vipimo vyote kwa herufi ndogo: kila mahali ni “mb”, basi. Kwenye jambo hili herufi ndiyo kila kitu. Mb yenye b ndogo ni megabiti, MB yenye B kubwa ni megabaiti, na kati yao kuna tofauti ya mara nane. Kikokotoo kisichozitenganisha hakifai hata kama majibu yake yana desimali sita. Inasemekana sana kwamba haya ni mambo madogo, lakini Werner Buchholz, mhandisi wa IBM aliyeliunda neno “byte” mwaka 1956, aliliandika kwa y makusudi ili lisije likachanganywa na “bit”. Aliliona tatizo hili kabla sisi hatujalikuta.

Hiki ninachotumia sasa huandika majina kwa ukamilifu kando ya vifupisho, na hicho ndicho kilichonivutia. Unaweka kasi upande mmoja, ukubwa wa faili upande wa pili, kinakupa muda kwa saa, dakika na sekunde. Niliijaribu ileile faili yangu: GB 9 kwa 20 Mb/s. Jibu: saa 1 kamili. Zile dakika tano zilizozidi nazo kimezieleza, kwani kuna sehemu ya kukata gharama za usafirishaji. Data haisafiri peke yake kwenye mtandao. Kila pakiti, yaani kipande cha data, hubeba anwani na taarifa nyingine za njiani, na hizo nazo zinakula kasi. Nikiweka asilimia 6, hesabu yake na saa yangu ya ukutani vinakaribiana.

Kasoro yake kubwa iko kwenye 1,000 na 1,024, yaani kama kilo, mega na giga zinapanda kwa 1,000 au kwa 1,024. Siku za mwanzo niliweka 100 Mb/s kikanipa MB/s 11.92, nami kwa kalamu napata 12.5. Nilikaa nayo muda mrefu nikidhani nimesahau kugawanya. Kumbe programu ikifunguliwa kwa mara ya kwanza huwa imewekwa kwenye 1,024: inagawanya kwa 8, halafu inapima jibu kwa mebibaiti (megabaiti ya 1,024 mara 1,024), ingawa pembeni imeandika MB. Kasi za mtandao huhesabiwa kwa 1,000 siku zote, na majina ya kibi, mebi na gibi yaliwekwa na IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme na elektroniki, mwaka 1998 kwa ajili ya kuondoa utata huuhuu. Kitufe cha kubadili kipo, lakini kimefichwa ndani ya mipangilio, mahali ambapo mtu mgeni hatafika. Kingekuwa juu kabisa, karibu na kasi yenyewe.

Hata hivyo kitufe hicho kimenisaidia kuelewa jambo lililonisumbua miaka mingi. Faili yangu ya GB 9 ikifika kwenye kompyuta ya Windows inaonekana ni GB 8.38. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza sehemu iliyobaki iko wapi, na sikuwa na jibu. Windows inahesabu kwa 1,024 lakini inaandika GB. Hakuna kilichopotea njiani.

Pale ambapo hakinisaidii ni kwenye diski za nje. USB 3.0 ina 5 Gb/s (gigabiti 5 kwa sekunde), nacho kinasema 625 MB/s. Diski haiwezi kufika hapo, kwa sababu kwenye waya wa USB 3.0 kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10. Unagawanya kwa 10, unabaki na 500, na hiyo ni kabla ya makato mengine. SATA ya 6 Gb/s, njia ya kuunganisha diski za ndani ya kompyuta, ni vivyo hivyo, inatoa 600. Kwa nyaya hizi nafanya hesabu kichwani, na nimewaandikia watengenezaji kuwaomba waongeze chaguo hilo.

Mambo mengine ni mepesi: kinafanya kazi bila intaneti, hakina matangazo, maandishi yanasomeka. Hakihifadhi hesabu za nyuma, na hilo linaniudhi ninapotuma faili tatu kwa mpigo.

Nakipa nyota nne. Nikiahidi muda siku hizi nakifungua kwanza, na kabla ya kubonyeza kitu chochote naangalia ile b.